Ukuta wa Mama Yako na Vielezi vya Mpangaji

Nyumba ya Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Kiwanda cha Uchapaji,
Jumanne, 14 Juni.

Mpendwa mwanangu Kidole Juu,

Kabla ya yote nipe hali yako. Je, kile kikohozi kimekuachia? Mkeo anaendeleaje na kazi ya zamu, na mjukuu wangu Kelele ameshakubali kulala mapema, au bado mnabembelezana naye mpaka nyinyi ndio mnaosinzia? Sisi huku tu wazima. Magoti yangu hulalamika asubuhi na kunyamaza ifikapo mchana. Mama yako, mdogo wangu, hana ugonjwa wowote isipokuwa ubishi, ambao alizaliwa nao. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu nilikuwepo.

Barua yako imefika. Bahasha ilikuwa imefunguka pembeni, nami nilimwuliza karani wa posta ni nani aliyeifungua. Alisema ni gundi mbaya. Inawezekana. Gundi mbaya ina tabia ya kufunguka palepale ambapo mtu angependa kuingiza kidole.

Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya habari na mara ya pili kwa ajili ya lugha. Habari ni njema. Kuhusu lugha nitasema mwishoni, maana kuna sentensi moja uliyoandika ambayo siiamini, na sababu za kutoiamini nimezipata humu humu nyumbani.

Ninachokuandikia leo ni jambo la mama yako na chumba chake. Ili ulielewe, sina budi kuanza na mpangaji, na ili umwelewe mpangaji, sina budi kuanza na Kiingereza chake.

Mpangaji ni yule niliyekutajia, kijana wa idara ya maji anayekagua mabomba. Tulimpa chumba cha mbele. Alikuja na sanduku la vifaa, baiskeli nzito ya chuma, na adabu nyingi kuliko ninavyozoea kuona kwa mtu asiyetaka kukopa. Kiswahili chake kinatosha kununulia sabuni. Alipoambiwa kwamba nilikuwa mwalimu wa lugha, alifurahi mno na kuanzia siku hiyo hunisemesha kwa lugha ya kwao.

Sasa, wewe ulikaa darasani mwangu, mstari wa mbele, kidole juu hata pasipo na swali. Unakumbuka tulivyojifunza. Vile vitenzi visaidizi vya Kiingereza, kila kimoja kilikuwa na kazi yake. "Can" ni uwezo. "May" ni ruhusa. "Must" ni lazima. "Should" ni wajibu. Kilisimama mbele ya kitenzi kikuu kama askari mlangoni, na askari mlangoni hahitaji mtu wa kumshika mkono.

Mpangaji huyu hawezi kukiacha kisaidizi kisimame peke yake. Kila mara hukichomekea kielezi ubavuni, palepale katikati, baina ya kisaidizi na kitenzi kikuu, kama mtu anayejipenyeza kwenye foleni. Hasemi "I should go". Husema "I should probably go", yaani pengine inampasa aondoke, na akishasema hivyo huvuta kiti akaketi tena. Mawingu yakiwa meusi kama chungu husema "It might just rain", yaani huenda tu ikanyesha. Nilimwuliza hiyo "just" imetoka wapi na inafanya kazi gani pale. Alifikiri sana, kisha akasema haifanyi kazi yoyote. Mimi siamini kwamba kuna neno linalokaa kwenye sentensi bure. Neno likikaa bure, linaficha kitu.

Nilimsahihisha jambo fulani la mabomba, ambalo ninalijua kidogo, akanijibu "You may well be right", yaani huenda kabisa niko sahihi. Nilirudi jikoni nimeridhika. Baadaye nikaanza kushuku. Sasa nina hakika kwamba maana yake ni kuwa nimekosea, ila yeye amechoka na angependa kula.

Mama yako alimwongezea chakula siku ya kwanza, naye akasema "I couldn't possibly". Nikamtafsiria mama yako neno kwa neno: hawezi, tena haiwezekani kabisa. Mama yako akaondoa sahani. Mpangaji aliifuata kwa macho mpaka ilipoingia kabatini. Tangu siku hiyo nikawa nimeweka moyoni kanuni yangu mwenyewe, kwamba wenye lugha ile wakiongeza kielezi, basi kisaidizi kilichotangulia kimeshaugua.

Halafu akasema neno lililotutia wasiwasi. Alikuwa akinitazama nikipanda ngazi za mbele na kapu la sokoni, akasema "You must surely find this house rather big". Yaani lazima, bila shaka, naiona nyumba hii kubwa. Nilisimama kwenye ngazi. "Must" ilitosha, "surely" imekuja kufanya nini? Anayesema lazima, halafu akaongeza bila shaka, ana shaka, na ana mpango.

Nilimwambia mama yako. Akasema, "Dada, huyu anaitaka nyumba."

Nikamwambia asikimbilie uamuzi.

"Sikimbilii," akasema. "Nimekaa dirishani kwangu, namwona tu akiizungukia."

Hapo alisema kweli. Unalijua dirisha la mama yako, lile la chumba cha nyuma linaloangalia kichochoro. Baada ya kustaafu kazi ya kupokea na kuunganisha simu, dirisha lile ndilo limekuwa ubao wake wa kuunganishia. Anajua nani amepita, anakwenda kwa nani, na kama atamkuta. Watu husimama chini ya dirisha na kumwuliza, naye huwaunganisha. Mshonaji wa jirani hasumbuki tena kuwatafuta wateja wake. Humpigia kelele mama yako tu. Kumwondoa dirishani ni kumkata waya.

Sasa fuatilia vizuri. Jumamosi moja mama yako alimwona mpangaji amesimama kichochoroni, ameweka kiganja kwenye ukuta wa nyuma, chini kabisa, kama mtu anayempima mtoto homa. Akaondoka, akarudi, akaweka tena. Jioni mezani alikohoa, akasogeza kijiko, akasema: "You know, that wall could quite easily come down."

Hilo nililipitia kwa utaratibu. "Could" ni wakati uliopita wa "can". Kwa hiyo hapo nyuma ukuta uliwahi kuwa na uwezo wa kuanguka, tena kwa urahisi kabisa, na haukuanguka. Nikamjibu kwamba nimefurahi sana kusikia hivyo, na kwamba baba yetu aliujenga mwenyewe.

Kisha akajaribu tena: "You should perhaps have someone look at it." Nikamweleza kwamba watu wanautazama kila siku, uko njiani.

Asubuhi yake baiskeli haikuwepo. Alikuwa na desturi ya kuiegemeza kwenye ukuta ule, upande wa kichochoroni, chini ya dirisha la mama yako, na mama yako ndiye aliyekuwa mlinzi wake. Sasa mpangaji akawa anaibeba. Anaipandisha ngazi za mbele, anaipitisha ukumbini akiomba radhi kwa kila kiti, anaisimamisha chumbani kwake miguuni pa kitanda.

"Ametuona wezi," mama yako akasema.

"Hatukuiba hata pampu yake."

"Ndiyo maana nasema ametuona. Kama tungeiba asingetuona."

Haikupita wiki akabisha hodi kwa mama yako, na kikombe cha plasta mkononi na kipande cha kioo chembamba, kirefu kama kidole. Pale ukutani, juu ya kitanda, pana ufa. Ulikuwepo siku zote, ila nakiri umenenepa. Akaomba ruhusa, tena kwa Kiswahili, akakigandisha kile kioo kukatiza ufa, plasta upande huu na plasta upande ule. Akasema ni kwa ajili ya kutazama tu. Kila asubuhi akawa anapita kukitazama kabla ya kwenda kazini, akitupa jicho moja tu kutoka mlangoni.

Mama yako hakulala kwa hilo. Alisema ameshaona watu wa vipimo wakiweka alama kwenye viwanja, na hakuna alama inayowekwa bure. "Leo kioo," alisema, "kesho kitanda chake." Akachukua ile kalenda kubwa ya kiwanda cha uchapaji, akaitundika juu ya kioo, ili mwenye alama asiione alama yake. Mpangaji alipofika asubuhi alikuta picha ya farasi. Akasimama. Akasema "Perhaps we could possibly move the horse". Mama yako akanitazama, nikamtafsiria, naye akasema farasi amefika nyumbani na hahami.

Unaweza kucheka. Mimi sikucheka, kwa sababu kuna jambo lilianza kuniuma. Nilipanda ngazi siku moja nikamkuta mpangaji katikati ya ukumbi, amebeba baiskeli begani, jasho linamtiririka, kofia imeangukia puani. Mtu anayeogopa wezi hununua kufuli. Kufuli ni nyepesi kuliko baiskeli ile. Yeye ana mshahara, na duka la vyuma liko pale pale kona. Kwa nini hakununua kufuli?

Nikaanza kumfuatilia yeye badala ya maneno yake. Nilimwona anaporudi kazini. Kichochoro chetu kina upande mkavu, ambao ni wa ukuta wetu, na upande wa tope, ambao ni wa mtaro. Alipita upande wa tope, na viatu vyake vizuri. Akafika mwisho wa ukuta, akavuka, akapangusa viatu, akaendelea. Halafu nikagundua kwamba lile pipa tupu lililokuwa uani kwetu, yeye ndiye aliyelisogeza likafunga upande mkavu, ili wapita njia nao wakanyage tope. Mama yako alikuwa amelaani watoto wa jirani kwa pipa hilo.

Mwanangu, hapo nilimsoma upya. Ulimi wake ulikuwa na pengine, labda, na huenda. Miguu yake haikuwa nayo hata moja.

Nilimwita mwashi, yule wa zamani aliyemfahamu babu yako. Hakumaliza chai. Aliugonga ukuta kwa ngumi, akasikiliza, akainama, akachimba kidogo kwa kijiti kikatoka kimelowa. Akaniambia bomba la kichochoroni linavuja chini kwa chini, msingi umekunywa maji, na ukuta umetunga tumbo upande wa nje. "Mwalimu," alisema, "nitakuja Alhamisi na magogo ya kuushikilia. Mpaka hapo asilale mtu humu. Wala asiegemee." Nikamwuliza kama mpangaji wetu alikuwa akisema jambo hilo hilo. Akasema mpangaji alishakwenda kwake kumwuliza bei ya magogo, na alishaandikia idara yake juu ya bomba.

Kwa hiyo "could quite easily" ni kengele ya hatari. Wanaigonga kwa kitambaa ili isimshtue mtu. Nani hugonga kengele ya moto kwa kitambaa? Lakini ndivyo walivyo, na wewe umeishi nao miaka mingi, ulipaswa kuniambia.

Nilikwenda kwa mama yako moja kwa moja nikamwambia ahamie chumbani kwangu. Akaniuliza nani amesema. Nikasema mwashi. Akasema mwashi na mpangaji amewaona kutoka dirishani wakizungumza, wakipeana mikono. Nikasema mpangaji alikuwa anatuonya tangu mwanzo. Akasema, "Dada, wewe mwenyewe ulinitafsiria. Ulisema ukuta haukuanguka."

Ni kweli nilisema hivyo, na alama ya kosa hilo nimejipa mwenyewe.

Akamalizia kwamba hatamwachia mpangaji chumba kwa hila za kioo na kijiti, na kwamba mtu mmoja tu anaweza kumtoa pale, naye ni mwanawe. Ndiyo sababu nilikuomba umpigie simu Jumapili. Ulipiga, nakushukuru. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake nikisikia yote. Na ulimwambia nini? Ulimwambia, "Mama, pengine ingekuwa vizuri kama labda ungeweza kufikiria kuhama kwa muda."

Mama yako aliweka simu chini taratibu. "Umemsikia?" akaniambia. "Mwanangu ananiheshimu. Ameniachia mwenyewe niamue. Basi nimeamua."

Kidole Juu, sikukufundisha sentensi ile. Ile ni sentensi ya mpangaji iliyovaa nguo za Kiswahili. Umekaa nao mpaka umeshika ugonjwa wao wa kuogopa kumwamuru mtu jambo la kumfaa. Kwao huenda ndiyo adabu, na kila mtu anaelewa kilichofungwa ndani ya kitambaa. Kwa mama yako, aliyefanya kazi ya kusema "subiri" na "ongea" maisha yake yote, ni ruhusa ya kubaki alipo.

Basi nakuomba hivi. Mpigie simu tena mara upatapo barua hii. Ningekupigia mimi, ila simu iko chumbani mwake na angesikia ninavyokufundisha la kusema. Nimemwomba binti wa mshonaji anayesafiri kesho usiku aje nayo mkononi, ili isipitie kwa yule karani na gundi yake. Hapa chini nakuandikia la kusema. Lisome kama lilivyo. Usitangulize pengine, usimalizie na labda, na katikati usiingize kitu:

Mama, hama leo.

*

Jumatano jioni.

Samahani kwa vumbi lililomo kwenye karatasi hii. Nimelipangusa, lakini limeingia mpaka kwenye wino. Samahani pia kwa mwandiko. Naandikia magotini.

Niliacha barua pale juu jana ili leo niifunge baada ya chakula cha mchana. Nikampelekea mama yako chai yake. Alikuwa dirishani, anambishia mtu wa mkaa. Niliona kalenda iko sakafuni. Msumari wake ulikuwa umetoka wenyewe. Nikainama niiokote, na nilipoinuka macho yangu yakawa sawasawa na kile kioo. Kilikuwa vipande viwili, maana ufa ulikuwa umepanuka ukakivunja. Sikukigusa. Nilikuwa nimesimama hapo hapo nikitazama, na kile kipande cha chini kikadondoka kitandani.

Nilimwita mpangaji. Nashukuru alikuwa amerudi kula. Alikuja na kijiko mkononi, akatazama kioo, na uso wake ukabadilika. Hakukohoa. Hakusogeza kitu. Alipiga kelele, kelele ya mtu wa mabomba aliyezoea kuita watu kutoka shimoni:

"Out! Get out! Leave it!"

Mama yako aligeuka. "Anasemaje?"

"Anasema toka. Acha kila kitu."

"Na yale maneno yake ya katikati yako wapi?"

"Hakuyasema."

"Hata moja?"

"Hata moja, mdogo wangu."

Aliinuka. Mwanangu, yule mwanamke ambaye hakumsikia mwashi, hakunisikia mimi wala hakukusikia wewe, aliinuka bila viatu akanitangulia mlangoni. Mpangaji akanisukuma mgongoni, ndiyo, alinisukuma, mimi, na hatukuwa tumefika vizuri ukumbini tukasikia mlio kama wa gari linalomwaga kokoto. Vumbi likatufuata mpaka kwenye ngazi za mbele.

Ukuta uliangukia kichochoroni, upande wa pipa, na hakuna mtu aliyekuwa akipita pale kwa sababu wote wamezoea tope. Pembe ya paa ndiyo iliyoshuka ndani. Imelala juu ya kitanda cha mama yako, upande wa mto. Sitaandika zaidi juu ya hilo. Amepona. Hana hata mkwaruzo. Aliomba chai nyingine, akainywa yote.

Mpangaji alikuwa amekaa kwenye ngazi, mweupe kwa vumbi kutoka nywele hadi viatu, kijiko bado kiko mkononi. Aliponiona akasimama haraka akaanza kuomba radhi. Akasema, nakuandikia kama alivyosema, "I really should perhaps have put that a little more gently." Yaani kwa kweli ilimpasa labda aseme kwa upole zaidi kidogo. Nilihesabu vielezi vilivyomo nikaona amesharudi katika hali yake, na nikajua hatari imekwisha.

Nikamwambia kwamba tangu ahamie kwetu, yale maneno ya chumbani ndiyo sentensi zake za kwanza ninazoweza kuzipa alama kamili. Akacheka, kisha akalia kidogo, nami nikatazama pembeni kama inavyopasa.

Mwashi amekuja na magogo leo leo, hakungoja Alhamisi. Watu wa idara ya maji wamekuja pia na wamefunga bomba. Wameahidi kuujenga ukuta upya. Mkubwa wao alisema "It should probably be finished fairly soon", yaani pengine utakwisha hivi karibuni, na mimi nikamwuliza mara moja vifaa viko wapi. Hakuna hata tofali lililoshushwa. Nimeelewa.

Jambo la mwisho kuhusu chumba. Jioni hii nilikuwa napanga jinsi mama yako na mimi tutakavyobanana kitandani kwangu. Mpangaji alisimama mlangoni akaanza, "I suppose I could perhaps..." na mimi sikungoja mwisho. Nilikwenda ukumbini kutazama baiskeli. Ilikuwa imeshatoka chumba cha mbele. Ilikuwa imesimama mlangoni pa stoo, na sanduku lake la vifaa kando yake, na kitanda chake cha kukunja kimeshafunguliwa mle ndani, katikati ya magunia na ngazi ya kupakia rangi.

Kwa hiyo mama yako amelala chumba cha mbele, ambacho dirisha lake linaangalia barabara nzima, kituo cha mizigo, na milango miwili ya kiwanda. Ameshaunganisha watu watano tangu saa kumi. Nilidhani atashukuru. Ameniita pembeni akaninong'oneza, "Dada, mtu aliyetoa chumba chake mwenyewe lazima anataka kitu kikubwa zaidi. Tumwangalie."

Nimemwambia nitamwangalia. Nami nitamwangalia kweli, ila kesho nitamwongezea chakula, na akisema haiwezekani kabisa nitamjazia sahani.

Ile sentensi niliyokuandikia kwa ajili ya simu nimeiacha, sikuifuta. Haina kazi tena kwa mama yako, lakini nataka uione, ujue urefu wa maneno ambayo yangetosha.

Sasa nirudi kwenye barua yako kama nilivyoahidi. Uliandika, "Kwa kweli huenda ningeweza kuja mwishoni mwa mwaka." Mama yako anaijua kwa moyo na huwasomea wapita njia. Leo nimeitazama tena. Ina kwa kweli, ina huenda, na ina ningeweza, vyote kwenye sentensi moja fupi. Mwezi uliopita ningekurudishia na wino mwekundu. Leo sitasahihisha. Nitakutazama tu. Sanduku lako la safari, lile la kahawia, uliniambia liko juu ya kabati. Likishuka sakafuni, mkeo ataniandikia. Siku hiyo nitamwambia mama yako kwamba unakuja. Kabla ya hapo sitamwambia neno, hata uandike vielezi vyote vya dunia.

Msalimie mkeo, mwambie nimempa kazi hiyo ya kutazama sanduku. Msalimie Kelele, na umwambie kwamba bibi yake mdogo amehamia dirisha kubwa. Wasalimie pia binamu yako dereva na mama mkwe wako, kama bado anazungumza nasi. Mshonaji anakusalimu, na mpangaji pia, ambaye amesema kwa Kiswahili kwamba angependa pengine kukufahamu.

Mama yako yuko nyuma yangu anasoma. Anasema niandike hivi, bila kuongeza wala kupunguza: Njoo.

Mungu akuweke salama wewe na wote waliolala chini ya paa lako, na kuta zako zisimame wima.

Mimi mama yako mkubwa, nikupendaye na nisiyekuamini bado,

Mwalimu.